Presha ya oili ilianguka kwenye kona: usinunue pampu kwanza

Msomaji ana injini ya petroli ya silinda 4, lita 2, yenye tabo iliyoongezewa nguvu. Akiwa uwanja wa mbio, katikati ya kona ndefu ya kulia na injini ikikaribia mizunguko 7,000 kwa dakika, geji ya oili ilianguka kutoka psi 70 hadi 15 kwa sekunde moja au mbili, kisha ikarudi. Alipotazama dipstiki baadaye, oili ilikuwa katikati ya alama mbili. Tangu siku hiyo injini ikiwa baridi presha inafika 75 kama zamani. Ikipata moto, inashuka hadi psi 8 akiiacha inguruma bila kukanyaga, na taa nyekundu inapepesa. Zamani ilikuwa 20. Kwenye mizunguko 6,000 anapata 55 badala ya 70. Hajasikia kugonga. Fundi mmoja amemwambia abadilishe pampu, mwingine amemshauri aweke oili ya 20W-60. Anauliza amsikilize nani.

Ndugu yangu, usimsikilize yeyote kati yao, na usiiwashe tena injini hiyo, hata kwa kuisogeza tu kutoka hapa hadi pale. Kwa namba ulizoandika, naamini pampu yako ni nzima, beringi za konrodi (vipande laini vilivyo kati ya mikono ya pistoni na mhimili mkuu wa injini, yaani kranki) zimeumia, na oili nzito itaficha jeraha hadi siku konrodi itakapotoboa bloku. Umeandika vizuri na kwa undani, na namba zako zinatosha kumtoa mshukiwa mmoja baada ya mwingine bila kufungua nati hata moja.

Tuanze na jambo ambalo mafundi wengi huliruka. Pampu haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili, kiasi fulani kila kranki inapozunguka. Presha inazaliwa pale oili inapokutana na njia nyembamba, kama maji ya bomba la bustani unapoliziba mdomo kwa kidole. Kwenye injini, kidole hicho ni nafasi ndogo iliyopo kati ya beringi na kranki. Kwa kranki yenye shingo (sehemu inayozunguka ndani ya beringi) ya milimita 50, nafasi hiyo huwa karibu milimita 0.05. Na oili inayovuja hapo inaongezeka kwa mchemraba wa nafasi: ikipanuka mara mbili, uvujaji unapanda karibu mara nane. Ndiyo maana beringi iliyolika kidogo sana, kiasi ambacho jicho litakiona kama mng'aro tu, inaweza kuiangusha geji kwa namna ya kutisha.

Sasa soma namba zako ukiwa na jambo hilo kichwani. Injini ikizunguka polepole pampu inasukuma oili kidogo, haina akiba, kwa hiyo uvujaji wowote unaonekana papo hapo: 20 inakuwa 8. Ikizunguka kwa kasi, pampu inasukuma oili nyingi kuliko injini inavyohitaji, na valvu ya kuachia presha inarudisha ziada kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Zamani valvu yako ilikuwa inafunguka karibu na 70, na hapo ndipo geji ilipokuwa inasimama. Leo kwenye mizunguko 6,000 geji haifiki hapo. Maana yake ile ziada yote imekwisha. Kila tone ambalo pampu inasukuma linapita mahali fulani ndani ya injini, na bado halitoshi. Watu wengi wangeiona 55 wakapumua, kwa sababu inakaribia ile kanuni ya zamani ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Mimi hiyo 55 inanitia wasiwasi kuliko 8. Inasema uvujaji ni mkubwa.

Je, haiwezi kuwa valvu yenyewe imenasa ikiwa wazi, labda kwa kipande cha uchafu? Inaweza kutokea, na nimewahi kuona kipande kidogo cha silikoni kikifanya hivyo. Lakini valvu iliyonasa wazi inaangusha presha wakati wote, oili ikiwa nzito au nyepesi. Yako inafika 75 ikiwa baridi. Valvu inafunga vizuri.

Je, ni bomba la kufyonzea oili, yaani lile linaloshuka kutoka kwenye pampu hadi chini ya sampu? Hapa picha ingekuwa kinyume kabisa. Chujio la mdomoni mwake lililozibwa au bomba lenye ufa linainyima pampu oili pale inapohitaji nyingi, kwa hiyo presha inakuwa nzuri injini ikitulia na inaanguka ukikanyaga, mara nyingi sindano ikitetemeka kwa sababu ya hewa. Yako inapanda ukikanyaga. Tofauti hii ishike, maana inaokoa fedha na muda: presha inayokuwa mbaya chini na nafuu juu ni dalili ya uvujaji, presha iliyo nzuri chini na mbaya juu ni dalili ya ufyonzaji.

Geji kudanganya? Sensa hufa mara nyingi, hasa zile zinazofungwa moja kwa moja kwenye bloku na kutikiswa nayo kutwa. Lakini wewe una mashahidi wawili. Geji za kuongezea huwa na sensa yake, na taa nyekundu ya kiwandani ina swichi yake. Taa katika magari mengi huwaka presha ikishuka hadi kati ya psi 4 na 7, na yako inapepesa geji ikisoma 8. Hao wawili wanasema jambo moja, kila mmoja kwa njia yake. Bado tutapima, lakini sitarajii muujiza.

Na pampu? Pampu ikivunjika presha huenda sifuri na haitoki hapo. Kuna injini ambazo zina historia hiyo. Ford Coyote inajulikana kwa gia za pampu za unga wa chuma zinazopasuka injini ikizungushwa sana au ikifungwa supachaja. Kwenye Nissan RB26 za mwanzo, sehemu ya kranki inayozungusha pampu ni nyembamba, na kugonga kikomo cha mizunguko mara kwa mara huivunja gia. Kwenye BMW za silinda 6 za familia ya M50 hadi S52, nati ya sproketi ya pampu hulegea yenyewe, na wanaozikimbiza huifunga kwa waya au kuichomelea kidogo. Dalili katika zote tatu inafanana: sindano inalala chini, na injini ina sekunde chache za kuishi. Pampu iliyochakaa kweli inaweza kutoa presha ya chini oili ikiwa moto, lakini inachakaa kwa miaka, haichakai katika kona moja.

Nakubali kuna njia nyingine ya uvujaji ambayo haihusu beringi. Nissan VQ37VHR, kwa mfano, ina gasketi za karatasi kwenye mfuniko wa njia za oili nyuma ya kava la cheni. Zikipasuka, utapata picha inayofanana na yako kabisa, ilhali beringi ni safi. Injini nyingine huachia kinyunyizi cha oili cha chini ya pistoni. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, uliza ugonjwa unaojulikana wa injini ya aina yako. Hata hivyo, magonjwa hayo hayachagui kona. Lako lilianza kwenye kona, na hilo ndilo linalonirudisha kwenye beringi.

Hebu tuitazame kona hiyo. Gari likigeuka kwa nguvu ya pembeni ya g 1, jambo ambalo matairi mazuri ya uwanjani hulifanya bila shida, uso wa oili ndani ya sampu unainama nyuzi 45. Kona ya kulia inaitupa oili kushoto, inapanda ukuta wa bloku, na mdomo wa bomba la kufyonzea unabaki hewani. Kona ikiwa fupi, oili inarudi kabla ya madhara. Ikiwa ndefu, hairudi. Ongeza na hili: kwenye mizunguko 7,000 pampu inapeleka oili nyingi sana juu kwenye silinda hedi, na inarudi chini kwa uzito wake tu, polepole. Halafu dipstiki ilikuwa katikati. Katika magari mengi kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja, kwa hiyo ulikuwa umepungukiwa na kama nusu lita, na nusu lita hiyo ndiyo iliyokuwa ifunike mdomo wa bomba.

Pampu ikafyonza hewa. Sekunde moja au mbili inasikika kuwa ndogo, lakini kwa mizunguko 7,000 kwa dakika kranki inazunguka zaidi ya mara 116 kila sekunde, huku tabo ikisukuma na konrodi zikibeba mzigo wote. Beringi za konrodi huumia kwanza kwa sababu hupata oili mwisho: inapita kwanza kwenye beringi kuu, kisha ndani ya tundu za kranki, ndipo izifikie. Utando wa oili ukikatika, chuma kinagusa chuma, na ile tabaka laini ya juu ya beringi, ambayo unene wake ni sehemu ndogo sana ya milimita, inafutika. Baada ya hapo oili inarudi, geji inapanda, dereva anadhani amesalimika. Kutosikia kugonga hakunitulizi. Beringi huanza kugonga ikiwa imekwishalika sana. Kabla ya hapo hulika kimya.

Mshukiwa mmoja amebaki, na huyu ninamheshimu: petroli kuchanganyika na oili. Injini za tabo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hasa zikiwekewa programu inayotia petroli nyingi, huosha kuta za silinda na petroli ikashuka kwenye sampu. Oili inakuwa nyepesi, presha inashuka ikipata moto. Chomoa dipstiki uinuse. Harufu ya petroli ikiwa kali, au usawa wa oili ukiwa umepanda bila wewe kuongeza, hilo ni tatizo la kweli, ingawa linaweza kuwepo pamoja na beringi mbovu badala ya kuchukua nafasi yake.

Sasa kazi. Ya kwanza haigharimu karibu chochote, nayo ni ile ambayo watu huiruka kwa haraka ya kununua vifaa: kata filta. Mwaga oili kwenye karai safi, ukiipitisha kwenye kitambaa cheupe. Toa filta, uikate kwa kikatio cha filta, si kwa msumeno wa chuma, kwa maana unga wa msumeno utaingia kwenye karatasi na utakudanganya. Kata karatasi ya filta kutoka kwenye mfuniko wake, ikamue, uikunjue yote juani. Filta imebeba kila kilichopita tangu ulipoiweka, na haisahau.

Unachotafuta ni mng'aro. Chembe chache nyeusi za kaboni si kitu. Unga unaong'aa kama rangi ya fedha, unaogeuka ukiizungusha karatasi kwenye mwanga, huo ni beringi. Pitisha sumaku chini ya karatasi. Kinachovutwa ni chuma: gia ya pampu, cheni, pete za pistoni, au kranki yenyewe. Kisichovutwa ni risasi, bati, aluminiamu au shaba, na ndivyo beringi zinavyotengenezwa. Ukiona vipande vyenye rangi ya shaba, tabaka ya juu imekwisha na injini imeanza kula ya pili. Vipande vya silikoni au mpira vina habari nyingine: kuna mtu alibandika sampu kwa gundi nyingi mno, na chujio la bomba nalo linahitaji kutazamwa. Maabara ya oili inaweza kukutajia kiasi cha kila madini, nami napenda sana vipimo hivyo kwa kufuatilia injini iliyo nzima, lakini kwa hali yako karatasi ya filta itatoa hukumu leo hii.

Karatasi ikiwa safi kabisa na oili ikinuka petroli, una haki ya matumaini. Weka filta mpya na oili mpya ya uzito uleule, ufunge geji ya kimakanika yenye bomba, bila umeme, kwenye tundu la sensa ya presha. Angalia nyuzi za tundu hilo kwanza. Injini nyingi za Japani zina nyuzi za aina ya 1/8 BSPT, na adapta nyingi zinazouzwa ni 1/8 NPT. Zinafanana machoni, zinaanza kuingia kwa mkono, lakini moja ina nyuzi 28 kwa inchi na nyingine 27. Ukilazimisha kwenye aluminiamu utaharibu tundu la njia kuu ya oili, na hilo ni balaa jipya. Washa, acha ipate moto, soma. Namba zikirudi 20 na 70, shughulikia petroli. Zikibaki 8 na 55, zima.

Karatasi iking'aa, usiwashe kupima chochote. Shusha sampu. Fungua kepu za konrodi moja moja, ukiweka alama ili kila kepu irudi kwenye konrodi yake na upande wake. Beringi nzima ina rangi ya kijivu isiyong'aa, iliyo sawa. Iliyoumia ina michirizi, mabaka yanayong'aa, au rangi ya shaba inachungulia. Pitisha ukucha kwenye shingo ya kranki: ukucha ukikwama kwenye mchirizi, kranki lazima itoke ikasuguliwe au ibadilishwe. Ukiteleza bila kukwama, na kipimo cha mikromita kikawa ndani ya mipaka ya kiwanda, inawezekana kabisa kuweka beringi mpya injini ikiwa mahali pake, na gari likarudi barabarani. Hapo ndipo kusimama mapema kunapolipa. Boliti za konrodi zinazovutika zinapokazwa zisirudishwe, weka mpya.

Kuhusu 20W-60. Oili ya daraja la 30 ina mnato wa sentistoksi 9.3 hadi 12.5 kwenye nyuzi joto 100, ya daraja la 40 ni 12.5 hadi 16.3, na ya 60 huanzia 21.9. Bila shaka sindano itapanda. Itapanda kwa sababu oili nzito inapita kwa shida, pamoja na kwenye ile beringi inayoomba oili nyingi ili ipoe. Nakubaliana na kupanda daraja moja kwa injini ya uwanjani ambayo joto la oili linafika nyuzi 130, maana hapo oili imepoteza karibu nusu ya mnato iliokuwa nao kwenye 100. Hayo ni maamuzi ya injini nzima. Kwa injini iliyojeruhiwa ni kuipaka rangi taa ya hatari.

Kama itabidi injini ifunguliwe yote, nina ombi moja ambalo nalitilia mkazo kuliko mengine: rejeta ya kupoozea oili usiirudishe. Ndani yake kuna njia nyembamba zilizojaa unga wa beringi, na hakuna kuosha kunakoutoa wote. Utajenga injini mpya, utaiwasha, na rejeta ile ile itaimwagia takataka za injini iliyokufa. Tabo ifunguliwe itazamwe beringi zake, mabomba yake ya oili yabadilishwe, na vichujio vidogo vya valvu za kamshafti visafishwe. Pampu pia, kwa kuwa imepitisha chuma, weka mpya. Hapo ndipo yule fundi wa kwanza atakuwa sahihi, kwa sababu nyingine kabisa.

Siku ya kuiwasha, jaza pampu kwa mafuta ya mgando au oili ya kuungia ili isizunguke kavu, toa plagi, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, na uzungushe kwa stata vipindi vifupi hadi geji ipande. Ndipo urudishe plagi.

Na kona ile bado ipo. Usiporekebisha kilichotokea pale, beringi mpya zitakufa palepale. Usawa wa oili uwe alama ya juu kabisa kila unapoingia uwanjani, na utazamwe tena kila unapotoka, kwa sababu injini za tabo hula oili zikikimbizwa. Weka sampu yenye vizuizi vya ndani na milango midogo inayofungua upande mmoja, ili oili iruhusiwe kuja kwenye bomba na isiruhusiwe kukimbia. Kwa kona ndefu sana na matairi laini, tangi la akiba lenye presha linalosukuma oili sindano inapoanguka ni msaada mkubwa, na sampu kavu (oili ikikaa kwenye tangi la nje badala ya chini ya injini) ni bora zaidi ila ni mradi mzima. Hamisha sensa ya presha kutoka kwenye bloku uifunge kwenye bodi kwa bomba linalonyumbulika, ili mtikisiko usiikate na oili ikamwagikia tabo yenye moto.

Kama kompyuta ya injini yako inaruhusu, iambie izime injini yenyewe. Wewe uliona sindano ikianguka kwa sababu ulibahatika kuitazama. Ukiwa kwenye kona kwa kasi ile macho yanapaswa kuwa mbele. Weka mpaka unaofuata mizunguko, kwa mfano psi 40 juu ya mizunguko 4,500, na muda wa kusubiri usiozidi nusu sekunde, kisha uurekebishe ukishakuwa na rekodi za presha za injini yako ikiwa na afya. Ukishakata filta, nitumie picha ya karatasi juani na namba za mikromita za shingo za konrodi, nikuambie kama kranki inabaki.